Protini Bila Nyama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanaoanza

Watu wengi wanaotaka kupunguza nyama, au kuiacha kabisa, huanza kwa kutafuta chakula kinachofanana nayo kwa sura na ladha. Si vibaya kuanza hivyo, lakini kufanana na nyama mdomoni ni jambo moja, na kuupa mwili kile ambacho nyama huupa ni jambo jingine. Vipo vyakula vinavyofaulu katika la kwanza na kushindwa kabisa katika la pili, na vipo ambavyo ni kinyume chake. Majibu yafuatayo yanaishikilia tofauti hiyo kutoka swali moja hadi jingine.

Ni vyakula gani vinavyohesabiwa kuwa mbadala wa nyama?

Vya zamani kuliko vyote ni mazao ya jamii ya mikunde yenyewe: maharage, adesi, dengu, choroko, kunde, mbaazi, njegere, soya, na hata karanga, ambazo wengi huziweka kundi moja na korosho ilhali kwa asili ni za ukoo wa maharage. Baada yake vinakuja vyakula ambavyo vimeandaliwa barani Asia kwa karne nyingi, yaani tofu, tempe na seitani. Kisha kuna bidhaa za viwandani, kuanzia vipande vya soya vilivyokaushwa hadi baga na soseji zilizotengenezwa kwa makusudi ya kumfanya mla nyama asione tofauti.

Pembeni mwa makundi hayo kuna protini inayotokana na kuvu, ambayo si mmea wala mnyama, na tutaieleza mbele kidogo. Nyama inayokuzwa maabara haimo katika orodha hii. Hiyo inatokana na seli za mnyama. Baga yake ya kwanza ilionyeshwa hadharani London mwaka 2013, na Singapore ikawa nchi ya kwanza kuruhusu iuzwe mwaka 2020. Asiyekula chochote cha asili ya mnyama, au mwenye mzio wa nyama fulani, asiichanganye na baga ya mimea.

Ninahitaji protini kiasi gani kwa siku?

Shirika la Afya Duniani, pamoja na lile la Chakula na Kilimo, hukadiria kwamba gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili zinamtosha karibu kila mtu mzima mwenye afya. Mwenye kilo 60 anahitaji takriban gramu 50 kwa siku. Mwenye kilo 75, takriban 62. Mahitaji hupanda wakati wa ujauzito, hasa miezi mitatu ya mwisho, na wakati wa kunyonyesha. Wazee nao, ambao misuli yao hupungua kadiri umri unavyosonga, hushauriwa na wataalamu wengi kula gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo, na wanaofanya mazoezi mazito huhitaji kati ya 1.2 na 2.

Takwimu hizi zinastahili kukumbukwa kwa sababu hofu ya kukosa protini, kwa mtu anayekula chakula cha kutosha na cha namna mbalimbali, aghalabu ni kubwa kuliko hatari yenyewe. Anayepaswa kuwa na wasiwasi wa kweli ni yule aliyeondoa nyama kwenye sahani na asiweke chochote mahali pake, akabaki na wanga na mboga za majani pekee.

Je, mimea ina protini ya kutosha kufikia kiwango hicho?

Ina, mradi uchague mimea inayofaa. Gramu 100 za adesi, dengu au maharage yaliyokwisha kupikwa hutoa takriban gramu 9 za protini, na soya ya kuchemsha karibu mara mbili ya hapo, gramu 17 au 18. Karanga zina takriban gramu 26 kwa kila gramu 100, lozi 21, na mbegu za maboga karibu 30. Tofu ngumu hutofautiana kulingana na maji yaliyokamuliwa, lakini mara nyingi huwa kati ya gramu 10 na 17, na tempe takriban 19. Kwa kulinganisha, kidari cha kuku kilichopikwa kina takriban gramu 31.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi. Jedwali linalosema kwamba maharage yana gramu 22 za protini kwa kila gramu 100 linazungumzia maharage makavu. Yakipikwa hunywa maji, uzito wake ukazidi maradufu, na protini ileile ikasambaa katika chakula kizito zaidi. Kabla ya kulinganisha chakula kimoja na kingine, hakikisha vyote viwili vimepimwa vikiwa katika hali moja.

Tuchukue mfano wa siku ya mtu mwenye kilo 60. Bakuli la gramu 200 za adesi zilizopikwa humpa gramu 18. Gramu 100 za tofu ngumu humpa takriban 14. Konzi moja ya karanga, yaani gramu 30, humpa kati ya 7 na 8. Vipande viwili vya mkate wa ngano isiyokobolewa huongeza 7 hivi, na gramu 200 za wali huongeza 5. Jumla inavuka gramu 50 kabla hatujahesabu mboga, matunda wala maziwa ya soya.

Nimesikia kwamba protini ya mimea si kamili. Ni kweli?

Ni kweli kwa sehemu, na sehemu hiyo imekuzwa kupita kiasi. Protini hujengwa kwa asidi amino 20, na 9 kati ya hizo mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitengeneza, hivyo lazima zitoke kwenye chakula. Mimea inayoliwa kwa kawaida ina zote 9, lakini kwa viwango visivyolingana: nafaka kama ngano, mchele na mahindi zina upungufu wa asidi amino iitwayo lisini, wakati jamii ya mikunde ina lisini nyingi na upungufu wa nyingine iitwayo methionini. Ukila mikunde na nafaka, pengo la moja hujazwa na nyingine.

Kwa miaka mingi watu walifundishwa kwamba vyakula hivyo viwili lazima viliwe kwenye sahani moja. Siku hizi wataalamu wa lishe hawasisitizi hivyo tena, kwa kuwa mwili una akiba ya asidi amino unayoitumia kati ya mlo na mlo. Kinachohitajika ni mchanganyiko ndani ya siku nzima.

Hata hivyo ubora hautofautiani kwa maneno tu. Katika kipimo kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo mwaka 1991, ambacho huchanganya uwiano wa asidi amino na jinsi chakula kinavyomeng'enywa, alama ya juu ni 1. Protini ya soya iliyotengwa hukaribia 1, sawa na maziwa au yai, ilhali gluteni, yaani protini ya ngano, hubaki karibu na robo. Kwa hiyo asiyekula nyama na akategemea ngano peke yake ana tatizo la kweli, ila tatizo hilo linatatuliwa na bakuli la maharage.

Tofu, tempe na seitani zinatofautianaje?

Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa. Soya hulowekwa, husagwa na maji, huchemshwa na kuchujwa. Kisha maziwa hayo hutiwa chumvi ya kugandisha, kwa kawaida salfeti ya kalisiamu au kloridi ya magnesiamu, na mabonge yanayotokea hukamuliwa ndani ya kitambaa. Ikigandishwa bila kukamuliwa huwa laini na teketeke, nayo hufaa kwa supu na vitamutamu. Iliyokamuliwa sana ndiyo ya kukaanga. Iliyogandishwa kwa salfeti ya kalisiamu ina faida ya ziada, kwani huwa chanzo kizuri cha kalisiamu kwa asiyekunywa maziwa.

Wanaosema tofu haina ladha wanasema kweli, na hiyo ndiyo kazi yake: hupokea ladha ya kile inachopikwa nacho. Kosa kubwa la anayeanza ni kuitoa kwenye maji yake na kuitumbukiza moja kwa moja katika mafuta. Ifunge kwanza kwa kitambaa safi, weka kitu kizito juu yake kwa nusu saa, kisha ikate vipande na uviache kwenye kikaango cha moto bila kuvigeuzageuza hadi upande wa chini uwe wa rangi ya kahawia; ndipo ugeuze, na viungo vya majimaji vitiwe mwishoni. Njia nyingine ni kuiweka kwenye friza usiku kucha. Chembe za barafu hutoboa vijitundu ndani yake, na ikiyeyuka unaikamua kama sifongo, nayo hunyonya mchuzi na kuwa na utafunaji wa nyama kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Tempe, yenye asili ya kisiwa cha Java nchini Indonesia, hutumia soya nzima. Punje humenywa, huchemshwa, hukaushwa maji ya juu na kuchanganywa na mbegu za kuvu aina ya Rhizopus, kisha huachwa katika joto la takriban nyuzi 30 za Selsiasi kwa saa 24 hadi 48. Nyuzi nyeupe za kuvu huziunganisha punje zote kuwa kipande kimoja kigumu. Kwa kuwa soya haikuchujwa, nyuzinyuzi zake nyingi zimebaki, na uchachushaji huwa umeshaanza kazi ya kuimeng'enya. Madoa meusi au ya kijivu juu yake hayana madhara. Rangi ya waridi, utelezi au harufu kali ya uozo ni dalili ya kuitupa. Binafsi naiona tempe kuwa chakula bora kuliko vyote vilivyotajwa katika ukurasa huu, ingawa ladha yake huhitaji kuzoewa. Anayeiona chungu na aichemshe kwa mvuke dakika kumi kabla ya kuikaanga.

Seitani ni gluteni ya ngano. Donge la unga huoshwa kwa maji hadi wanga wote utoke, kinachobaki kikanyumbuka kama mpira, nacho hupikwa taratibu katika mchuzi uliokolea viungo. Kwa utafunaji inaikaribia nyama kuliko tofu na tempe, na ina protini nyingi, lakini lisini yake ni chache, na haifai hata kidogo kwa mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao mwili wake haustahimili gluteni.

Vipande vikavu vya soya ni kitu gani?

Ni unga wa soya uliokamuliwa mafuta, ukapitishwa kwenye mtambo wenye joto na mgandamizo mkubwa. Ukitokea upande wa pili hufura na kupata umbo la nyuzinyuzi. Vikiwa vikavu, karibu nusu ya uzito wake ni protini, na hukaa miezi mingi bila friji. Viloweke katika maji ya moto yenye chumvi na viungo kwa dakika 10 hadi 15, vikamue vizuri, kisha ndipo uvikaange. Asiyevikamua hubaki na harufu ya soya mbichi ambayo huwakimbiza wengi siku ya kwanza.

Baga za mimea zinatengenezwaje hadi zikafanana na nyama?

Msingi wake ni protini iliyotengwa kutoka kwenye njegere au soya, iliyopitishwa katika mtambo wa aina ileile tuliyoieleza ili ipate nyuzinyuzi. Huongezwa mafuta, mara nyingi ya nazi, kwa sababu huganda katika ubaridi na kuyeyuka kwenye kikaango kama yafanyavyo mafuta ya nyama. Huongezwa pia methiliselulosi, ambayo hukaza inapopata moto na kuizuia baga isibomoke, pamoja na chumvi na vionjo.

Jambo gumu zaidi lilikuwa rangi na ladha ya damu. Kampuni ya Beyond Meat, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2009, hutumia maji ya bitiruti kwa ajili ya rangi. Impossible Foods, iliyoanzishwa mwaka 2011 na mwanabiokemia Patrick Brown, ilichukua njia nyingine: ilitafuta katika mizizi ya soya protini iitwayo leghemoglobini, ambayo hubeba kiini chenye chuma kama kile cha hemoglobini ya damu. Badala ya kung'oa mashamba ya soya, hutumia hamira iliyowekewa jeni ya soya izalishe protini hiyo. Kiini hicho kikipata moto ndicho kinachochochea harufu na ladha tunazozitambua kuwa za nyama iliyochomwa. Asiyetaka chakula kilichotokana na mabadiliko ya jeni anapaswa kulijua hilo kabla ya kununua.

Je, baga hizo ni bora kwa afya kuliko nyama?

Jibu hutegemea unazilinganisha na nini. Kwa protini, baga ya gramu 113 ya kampuni hizo mbili hutoa takriban gramu 20, sawa na ya ng'ombe. Haina lehemu (kolesteroli), na ina nyuzinyuzi ambazo nyama haina kabisa. Kwa upande mwingine, ina chumvi nyingi kuliko nyama mbichi, na iliyojaa mafuta ya nazi inaweza kuwa na mafuta mgando yasiyo pungufu sana ya yale ya nyama.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha jaribio la watu 36 waliokula nyama kwa wiki nane na bidhaa za mimea kwa wiki nane. Katika kipindi cha mimea, lehemu mbaya na uzito vilipungua kidogo, na kiwango cha kemikali iitwayo TMAO, inayohusishwa na magonjwa ya moyo, kilishuka pia. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini jaribio lilikuwa dogo na lilifadhiliwa na Beyond Meat, kwa hiyo lisibebeshwe uzito usio wake. Ikumbukwe pia kwamba mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliziweka nyama zilizosindikwa, kama soseji na bekoni, katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Anayebadilisha soseji za nyama kwa za mimea ana hoja nzuri.

Lakini anayeacha bakuli la maharage ili ale baga ya mimea kila siku anarudi nyuma. Bidhaa hizi zimo katika kundi la vyakula vilivyosindikwa sana, nami naziona kuwa daraja: zinamvusha mtu aliyezoea nyama, na zinafaa kwa siku ya kujumuika na wengine, lakini haifai ziwe ndizo mlo wa kila siku.

Vipi kuhusu fenesi, uyoga na biringanya?

Hivi ndivyo vinavyodanganya zaidi. Fenesi changa likipikwa na kuchambuliwa hufanana mno na nyama iliyochanwachanwa, lakini lina protini isiyofika gramu 3 kwa kila gramu 100. Uyoga una takriban gramu 3, na biringanya ina gramu 1 tu. Vipike kwa ajili ya utamu wake, na uhakikishe kuna adesi, tofu au karanga kwenye mlo uleule.

Protini ya kuvu inatoka wapi?

Mwaka 1967 kuvu iitwayo Fusarium venenatum ilipatikana katika udongo wa Marlow, Uingereza, na baada ya miaka mingi ya uchunguzi ikaruhusiwa kuuzwa kama chakula nchini humo mwaka 1985, kwa jina la Quorn. Hukuzwa ndani ya matangi makubwa kwa kulishwa sukari, na nyuzi zake huwa na utafunaji wa kuku bila kuhitaji mtambo wa kuzilazimisha. Ina takriban gramu 11 za protini kwa kila gramu 100, pamoja na nyuzinyuzi. Asiyetumia mayai asome pakiti, kwa sababu bidhaa nyingi za aina hii huunganishwa kwa ute wa yai.

Nikiacha nyama, ni virutubisho gani vinaweza kupungua?

Cha kwanza ni vitamini B12, na hapa sina ulegevu wowote. Mimea haitoi B12 inayotegemeka. Mwani wa spirulina, unaosifiwa sana, una zaidi umbo la B12 ambalo mwili wa binadamu hauwezi kulitumia. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku, na asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa lazima aipate kwenye vyakula vilivyoongezewa virutubisho au kwenye vidonge. Hatari yake iko katika ukimya: akiba iliyo kwenye ini inaweza kudumu miaka kadhaa, na foleti nyingi, ambayo ni vitamini nyingine ya kundi B, iliyomo katika mboga inaweza kuficha dalili za upungufu wa damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Usisubiri ganzi ya vidole ndipo uanze.

Madini ya chuma yapo kwa wingi katika adesi, maharage, tofu na mbegu, lakini katika umbo linalofyonzwa kwa shida kuliko lile la nyama. Vitamini C ikiliwa kwenye mlo uleule huongeza ufyonzaji huo, hivyo kamulia limau juu ya adesi au ule nyanya na pilipili hoho mbichi pamoja nazo. Chai na kahawa hufanya kinyume. Zinywe saa moja au zaidi baada ya kula. Zinki nayo huzuiwa na fitati, kemikali za asili zilizomo katika punje na nafaka, ambazo hupungua kwa kuloweka, kuotesha na kuchachusha.

Je, soya huvuruga homoni za wanaume?

Hapana, kwa kiasi kinacholiwa kama chakula. Soya ina isoflavoni, kemikali zinazofanana kwa umbo na homoni ya estrojeni lakini zenye nguvu ndogo sana na zinazotenda tofauti mwilini. Uchambuzi wa tafiti za kitabibu uliochapishwa mwaka 2010, na mwingine mpana zaidi mwaka 2021, haukuona soya ikibadilisha kiwango cha testosteroni kwa wanaume. Tahadhari moja ya kweli inawahusu wanaotumia dawa ya tezi ya shingo iitwayo levothyroxine, kwa kuwa soya inaweza kupunguza ufyonzaji wake. Waulize daktari wao namna ya kuachanisha muda wa dawa na wa chakula.

Maharage hunijaza gesi. Nifanyeje?

Gesi hutokana na aina za sukari ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzivunja, zikafika kwenye utumbo mpana na kuchachushwa na bakteria waliomo. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, na upikie maji mapya. Anza na kiasi kidogo, vijiko vitatu au vinne kwa siku, ukiongeza wiki hadi wiki, kwani utumbo huzoea. Adesi na choroko zilizoparazwa na kumenywa huwa nyepesi zaidi tumboni kuliko maharage mazima.

Kuna jambo zito zaidi ya gesi. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini, na punje nne au tano tu zisizoiva zinaweza kuleta kichefuchefu, kutapika na kuhara ndani ya saa chache. Yaloweke kwa saa 5 au zaidi, mwaga maji, kisha yachemke kwa nguvu, si kwa kutokota, kwa dakika 30 kabla ya kupunguza moto na kuyaacha yaive. Jiko la umeme linalopika polepole halifikii joto la kutosha, na kuyapasha tu bila kuyachemsha kunaweza kuizidisha sumu hiyo. Ya kopo yameshapikwa, hayana shida.

Mwenye mzio achukue tahadhari gani?

Soya, ngano, karanga, ufuta na njugu za miti (kama korosho na lozi) ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio, na karibu kila bidhaa ya kiwandani ina angalau kimoja. Jihadhari hasa na unga wa lupini, zao la jamii ya mikunde, ambao unaweza kumdhuru mwenye mzio wa karanga. Protini ya njegere iliyotengwa nayo ni ya jamii hiyohiyo ya mikunde, na katika baga moja huwa nyingi kuliko njegere ambazo mtu angekula kwa mlo wa kawaida.

Na watoto, je? Wanamichezo?

Mtoto anaweza kukua vizuri kwa chakula cha mimea kilichopangwa kwa uangalifu, lakini tumbo lake ni dogo na nyuzinyuzi humshibisha kabla hajapata nishati ya kutosha. Mpe pia tofu, siagi ya karanga na parachichi. Karanga na njugu nzima asipewe aliye chini ya miaka mitano, kwa sababu zinaweza kumpalia. Vinywaji vya mchele na lozi visihesabiwe kuwa protini, kwani aghalabu vina gramu 1 au pungufu kwa kila mililita 100, wakati maziwa ya soya yana takriban 3. Hakuna kimojawapo kinachochukua nafasi ya maziwa ya mama au maziwa maalumu ya watoto wachanga.

Kwa wanamichezo, jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lililinganisha wanaume 19 wasiokula chochote cha mnyama na 19 wanaokula kila kitu, wote wakipata gramu 1.6 za protini kwa kila kilo huku wakinyanyua vyuma kwa wiki 12. Misuli na nguvu ziliongezeka kwa kiwango kimoja.

Kuna tofauti yoyote kwa mazingira?

Ni kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya takwimu za mashamba takriban 38,700 katika nchi 119, ulikadiria kwamba gramu 100 za protini ya ng'ombe wa nyama huzalisha wastani wa kilo 50 za gesi joto, za kuku karibu kilo 6, za tofu kilo 2, na za njegere chini ya nusu kilo. Wanaohofia misitu inayokatwa kwa ajili ya soya wana haki ya kuhofia, ila wajue kwamba takriban robo tatu ya soya ya dunia hulishwa mifugo.

Nisome nini kwenye pakiti?

Tazama protini kwanza: bidhaa inayojiita mbadala wa nyama na ina chini ya gramu 10 kwa kila gramu 100 ni mboga iliyopewa umbo la baga. Kisha tazama chumvi. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku nzima, na soseji mbili tu zinaweza kumaliza sehemu kubwa yake. Ya tatu ni mafuta mgando. Urefu wa orodha ya viambato usikutishe peke yake. Vingine ni vitamini B12 na chuma zilizoongezwa, na hizo ndizo unazozihitaji.

Nianzie wapi?

Anza na mlo unaoupenda tayari ambao nyama yake huwa imesagwa au kukatwa vipande vidogo ndani ya mchuzi. Badilisha nusu ya nyama kwa adesi za kahawia zilizopikwa zikabaki nzima, bila kubadili viungo. Ukishaizoea nusu hiyo, badilisha yote. Wiki ya pili jaribu tofu kwa njia iliyoelezwa hapo juu, na upike ya kula mara moja tu, kwa sababu iliyokaangwa hupoteza ukavu wa juu ikilala. Maharage na dengu, kinyume chake, pika nyingi kwa pamoja: zigawe katika vyombo vya kutosha mlo mmoja mmoja, ziweke kwenye friza, na siku uliyochoka utazichemsha moja kwa moja kwenye mchuzi bila kungoja ziyeyuke.